Kinachoshika Moto Kwanza

Habari za bomu zilinifikia zikiwa zimefungia samaki.

Ilikuwa katika ile miaka ya hamsini, bendera ya Mwingereza bado inapepea bomani Kisarawe, nami nilikuwa mwali. Nilikuwa nimewekwa ndani katika nyumba ya bibi yangu mzaa baba, kijijini kwetu upande wa Mzenga, katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Kwa desturi ya nyumba yetu msichana akishavunja ungo hufungiwa, hafanyi kazi ya juani, haonwi na mwanamume, hapazi sauti, mpaka siku wazee watakapopiga ngoma na kumtoa mbele ya watu. Wengine walikaa miezi, wengine zaidi. Bibi mwenyewe, kama alivyopenda kusimulia kwa fahari, alikaa mpaka akasahau majani ya mhogo yana rangi gani.

Mimi sikutaka kusahau rangi ya kitu chochote. Nilikuwa nasoma shule ya bweni, nimebakiza darasa moja kabla ya kwenda kusomea ualimu. Nilikuja likizo, nikavunja ungo, bibi akafunga mlango. Baba, aliyekuwa akifanya kazi stoo katika shamba la mkonge karibu na Soga, alikwenda kumwomba mwalimu mkuu anishikie nafasi. Akaambiwa itashikwa mpaka muhula mpya ufunguliwe, na muhula mpya ulikuwa unakuja baada ya mwezi uliofuata. Bibi naye alikuwa na kalenda yake. Mpunga wa mwaka ule haukutosha karamu, kwa hiyo mwali angetolewa baada ya mavuno mengine, kwa ngoma kubwa, kama alivyotolewa yeye. Kati ya kalenda hizo mbili ndimo nilimokuwa nimekaa, miguu nimekunja, nikisikiliza watu wengine wakitembea.

Baba hakuthubutu kubishana na mama yake. Alichofanya ni kunitumia vitu. Kila alipompata mtu anayekuja upande wetu alimpa sukari, sabuni na samaki wakavu wa ng'onda, na vyote alivifunga katika kurasa za gazeti la Kiswahili, kurasa nyingi kuliko samaki walivyohitaji. Bibi alidhani mwanawe ni mharibifu wa karatasi. Mimi nilijua ananipa shule kidogo kidogo, na harufu ya samaki juu yake.

Paa la chumba changu lilikuwa la makuti, na mahali pamoja makuti yalikuwa yameoza yakaacha tundu la ukubwa wa kiganja. Bibi alikuwa amepanga kuliziba kabla ya mvua. Wakati wa adhuhuri mkono mmoja wa jua ulishuka kupitia tundu lile ukagusa sakafu ya udongo, ukasogea taratibu mpaka ukutani, ukapanda, ukaondoka. Hilo ndilo lililokuwa jua langu. Sikuruhusiwa kuketi ndani yake. Niliketi kando, nikanyoosha karatasi tu, nikasoma haraka kabla halijahama.

Ukurasa ule wa bomu ulikuwa na doa la mafuta ya samaki katikati, na maandishi ya nyuma yalikuwa yamejitokeza mbele, kwa hiyo pale palipoandikwa walikufa watu wangapi sikuweza kupasoma. Yaliyobaki niliyasoma mpaka nikayajua kwa moyo. Gazeti lilisema kwamba bomu lile likipasuka, kabla ya kishindo na kabla ya upepo, hutangulia mwanga. Mwanga umebeba joto. Joto hilo husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa mwendo ule ule wa mwanga, nalo humaliza kazi yake wakati mtu bado anageuza shingo aone ni nini. Kinachoshika moto kwanza ni kile kilicho chembamba, kikavu na cheusi: karatasi, majani makavu, pazia la rangi nzito. Nguo nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya joto lile; nguo nyeusi hulinywa. Ubao mnene hauwaki mara moja. Hubabuka juu, ukatoa moshi, ukawa mweusi, na mwanga ukishapita mara nyingi huzimika. Lakini ubao uliooza, wenye nyufa na unga wa mchwa, hushika cheche na kuitunza. Katika mji wa Wajapani uliopigwa bomu hilo mwisho wa vita, wanawake waliokuwa wamevaa nguo nyeupe zenye maua meusi walikutwa maua yale yamechorwa kwa moto juu ya ngozi zao.

Niliposoma hapo nilitazama kanga niliyojifunga. Ilikuwa nyeupe, ina korosho nyeusi pembeni.

Tangu siku ile sikutulia. Si kwamba nilikuwa nimetulia kabla yake, lakini sasa wasiwasi wangu ulipata kazi. Nilikitazama chumba kwa mpangilio wa kuungua. Gazeti kwanza, nikiwa nimelishika mkononi. Kisha makuti, ambayo kiangazi kile yalikuwa makavu hata panya akipita yalilia. Kisha kaniki ya shangazi iliyotundikwa kwenye kamba, nyeusi tii. Kisha mkeka. Kisha mto wa sufi. Mwimo wa mlango ulikuwa wa mti mgumu, huo ungebabuka tu. Lakini nguzo ya pembeni ilikuwa imeliwa na mchwa, nikiigonga ilitoa unga. Na mimi? Mimi ningekuwa wapi katika mpangilio ule? Nililala na kuamka na swali hilo, na nyuma ya swali hilo lilikuwapo jingine ambalo ndilo hasa lililoninyima raha: ukizuka moto wowote, wa Wazungu au wa jikoni, kuna mtu atakayenifungulia, au watasimama nje wakishauriana kama siku yangu imefika?

Nikamuuliza bibi. Alikuwa ameketi mlangoni anapepeta mchele, na shangazi, dada yake baba, aliyekuwa kungwi wangu, yaani mwanamke aliyepewa kazi ya kunifunda na kunilinda, alikuwa ndani pamoja nami anachambua sufi za kujazia mito ya siku ya kutolewa.

"Bibi," nikasema kwa sauti ya mwali, ya chini, "moto ukija, nani atanitoa?"

"Moto gani, mke mwenzangu?" Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Moto wa kuchoma mashamba umekwisha. Wameshachoma wote."

Nikamsomea gazeti. Nilisoma lote, pamoja na kipande cha mwisho kilichosema kwamba Wazungu walijenga vijumba jangwani ili wapige bomu karibu navyo waone kitakachotokea. Kijumba kilichopakwa rangi nyeupe na kufagiliwa uwanja wake kilibabuka tu. Jirani yake kilichokuwa kibovu, na takataka na magazeti yametapakaa nje, kiliwaka kikaisha.

Shangazi aliacha sufi. "Wanajenga nyumba ili waichome?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Nyumba nzima? Na milango?"

"Na vitanda ndani, na masanamu ya watu yaliyovishwa nguo."

"Basi wale hawana wageni wa kuwalaza," akasema. "Mtu mwenye shemeji hawezi kuchoma nyumba yenye vitanda."

Bibi alikuwa ameshika jambo lake. "Nimesema nini mimi kila siku juu ya kufagia uwanja? Mnadhani ni ubishi wa uzee. Haya, kumbe hata bomu linajua." Akapepeta kidogo, kisha akauliza, "Na huo mwanga, unapita ukuta?"

"Haupiti. Unakwenda moja kwa moja kama jua. Kilichofichwa nyuma ya ukuta, mwanga ule haukigusi."

"Hata ukuta wa udongo?"

"Udongo hauwaki, Bibi."

Akaweka ungo chini akapiga makofi. "Subhanallah! Basi katika kijiji hiki chote atakayepona ni nani? Wanaume wako mashambani, wanawake kisimani, watoto wanazurura. Atakayepona ni mke mwenzangu, aliye ndani! Baba yako ametuma gazeti kutoka Soga kuja kuniunga mkono."

Shangazi alicheka mpaka akaanguka ubavu juu ya sufi. Nami nilikaa na karatasi yangu mkononi, nimeshindwa kwa maneno niliyoyasoma mwenyewe. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Kwa joto lile la ajabu, lenye kwenda kwa mstari kama mshale, pango langu lilikuwa mahali pazuri kuliko pote. Nilitaka gazeti lifungue mlango, likaongeza komeo.

"Na makuti juu?" nikasema. "Makuti ni majani makavu. Yakiwaka, ukuta utanisaidia nini?"

Bibi alitazama juu. Aliyatazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akachukua ungo wake akaenda kuutazama mpunga aliouanika uani.

Shangazi hakuwa mtu wa kuliacha jambo lipite. "Hayo ya nyeusi na nyeupe nayakataa," akasema. "Mimi nalima na kaniki hii, jua la saa sita, tangu sijaolewa. Mbona siwaki?"

"Kwa sababu jua liko mbali, Shangazi. Joto lake limekwisha kutawanyika. Likikusanywa mahali pamoja, litawasha."

"Nani analikusanya? Analikunja kama mkeka?"

Nikamweleza tulivyoonyeshwa shuleni, kioo kilichovimba katikati, kinavyokusanya jua likawa tone dogo kama punje ya mtama, na tone hilo linavyounguza. Nikamwambia kioo kama hicho hata humu nyumbani kimo: miwani ya marehemu babu, aliyokuwa akisomea Kurani, ilikuwa imetundikwa msumarini juu ya kasha la bibi.

Mimi nisingeweza kuingia kwenye lile jua la tundu. Shangazi angeweza. Aliinuka, akaleta miwani, akavuta kaniki kwenye kamba, akachuchumaa katika mkono ule wa jua. Nilimwelekeza kwa maneno, nikiwa nimejibanza ukutani: inua kidogo, shusha, bado, hapo. Tone la mwanga lilitulia juu ya kaniki, jeupe, dogo, kali hata macho yangu yaliyozoea giza yakatoa machozi. Moshi ukapanda pale pale, mwembamba kama uzi.

"Alaa!" akasema shangazi. Akavuta kaniki, akatazama tobo. Kisha akachukua pindo la kitambaa cheupe cha mto, akalilenga. Akangoja. Akangoja tena. Kitambaa kilikuwa cha moto lakini hakikutoa kitu. Akaanza kucheka peke yake, kicheko cha mtu aliyemkamata mwizi. "Kumbe si uongo! Nyeusi inakunywa! Mama aje aone!"

Akachukua gazeti langu, ukurasa ule ule. Alilenga kichwa cha habari, zile herufi nene nyeusi. Sikuwahi hata kufungua mdomo. Karatasi ilikuwa kavu, na doa la mafuta ya samaki lilikuwa pale pale chini ya herufi. Iliwaka kwa pumzi moja. Shangazi akapiga kelele akaiachia, ikapeperuka, ikatua juu ya sufi.

Sufi haiwaki kama kuni. Sufi hutoweka. Lundo lote, jeupe, lililotufika magotini, lilifanya sauti kama mtu anayevuta hewa, na ndimi za moto zikasimama mahali pake mpaka kwenye paa, kisha zikaanguka. Lakini zilikuwa zimegusa. Mkeka ukashika pembeni. Ile nguzo ya mchwa ikaanza kufuka. Na juu, kwenye pindo la makuti, nikaona kidoa chekundu kinatembea.

Shangazi alikimbilia mlangoni. Mimi pia nilikimbilia mlangoni, na hapo ndipo lilipotokea lile nililokuwa nikiliogopa: aligeuka akanyoosha mikono yake miwili, akaniziba.

"Usitoke! Wanaume wanakuja!"

Walikuwa wanakuja kweli. Niliwasikia: "Moto! Moto kwa bibi!" Miguu, ndoo, mbwa. Moshi ulikuwa umeanza kushuka, nami nikachuchumaa kuutafuta upepo wa chini.

"Msisogee!" shangazi aliwapigia kelele. "Humu mna mwali!"

"Mwali gani na nyumba inaungua?" sauti ya kiume ikajibu. "Sogea, dada!"

"Geukeni basi! Geukeni nyuma! Atakayemwona mwali atalipa mbuzi!"

Na wakageuka. Sijui kama kuna mahali pengine duniani watu wamewahi kuuzima moto kwa namna ile. Kupitia chini ya kwapa la shangazi niliona migongo mitatu ya wanaume, na ndoo zikirushwa juu ya mabega kwa kukisia, maji mengine yakitua ukutani, mengine juu ya shangazi mwenyewe, aliyewatukana kila mmoja kwa jina la mama yake. Wengine walikuwa wamekwisha panda paani. Nilisikia majembe yakiyavuta makuti, na kipande cha mbingu kikafunguka juu yangu, kisha kingine. Walikuwa wanalivua paa ili moto usifike chumba cha mbele. Kwa kila kuti lililong'oka jua liliongezeka chumbani mwangu, nami nilirudi nyuma, kutoka pembe moja kwenda nyingine, nikilikimbia jua na moshi kwa pamoja, mpaka pakawa hapana pembe.

Ndipo bibi alipoingia. Alimsukuma binti yake kando kama pazia. Kwenye kamba ilikuwa bado inaning'inia kaniki nyingine. Shangazi akaivuta ampe.

"Si hiyo! Nyeusi hiyo!" bibi akafoka. Mkononi alikuwa na bafta nyeupe, jora zima lililokunjwa, lenye harufu ya karafuu na kafuri. Nililijua. Alilinunua kwa fedha zake mwenyewe, akaliweka chini kabisa ya kasha lake, na kila mtu nyumbani alijua ni la kazi gani na la siku gani, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Ilikuwa sanda yake. Aliikunjua kwa mkupuo mmoja, akanitupia kichwani, akanizungushia, akanishika kiuno. "Tembea, mke mwenzangu. Inama utembee."

Tulivuka uwanja kwenda kwa jirani. Si mbali, mtu mwenye haraka hana hata nafasi ya kumaliza sentensi. Lakini mimi nilikuwa sijatoka nje kwa miezi, na ule uwanja kwangu ulikuwa nchi. Sikuona kitu. Niliona weupe. Dunia yote ilikuwa nyeupe, hai, inatetemeka, kana kwamba nimeingia ndani ya taa. Nyuzi za bafta nilizihesabu mbele ya pua yangu. Nikasikia kuku, nikasikia mchanga wa moto chini ya nyayo zangu zilizolainika. Na nikasikia jua. Lilinigusa. Lilipita katika weupe ule, likapungua, likabaki laini, lakini lilipita, likaniwekea mkono.

Nyumba ilipona. Chumba changu kilibaki kuta nne zilizojaa mwanga, na nguzo moja nyeusi iliyoendelea kufuka mpaka jioni kila walipodhani wameizima. Hakuna aliyeumia, isipokuwa shangazi, aliyeungua nyusi na kupoteza maneno kwa nusu siku, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Jioni ile walimwita nyakanga, yule mama mzee aliye juu ya makungwi wote wa upande ule, ambaye neno lake katika mambo ya wanawali halikatiwi rufaa. Nilikuwa nimeketi nyumbani kwa jirani, bado ndani ya bafta. Wanawake watatu walikaa mbele yangu, nyakanga katikati.

"Shikamoo, Bibi," nilimwamkia nyakanga.

"Marahaba, mwali. Kama bado ni mwali," akasema. Akawageukia wenzake. "Jambo ni moja. Mwali aliyeguswa na jua kabla ya siku yake harudishwi ndani. Ni kama uji ulioipuliwa. Ukiurudisha motoni unaganda. Atatolewa wiki hii hii, kwa ngoma ndogo, kwa chochote kilichopo. Lakini kama jua halikumgusa, basi hakutoka. Alihamishwa chumba tu. Atasubiri mavuno."

Mgongo wangu ulinyooka wenyewe. Wiki ile ile! Muhula ulikuwa bado haujafunguliwa.

"Halikumgusa," bibi akasema mara moja. "Nilimfunika kwa mkono wangu, utosi mpaka unyayo. Na tena si kwa nguo nyeusi. Nyeupe. Nguo nyeupe hurudisha jua, hilo si neno langu, limeandikwa. Gazeti la baba yake limesema, yeye mwenyewe ametusomea leo mchana. Na huyu hapa," akamwonyesha shangazi, "amejaribu, na nyusi zake ndizo shahidi. Nyeusi iliungua, nyeupe haikuungua. Sasa jua lilimgusa kwa njia gani?"

Nyakanga aliniangalia. "Umesoma hivyo?"

"Nimesoma, Bibi."

"Na ni kweli?"

"Gazeti linasema hurudisha sehemu kubwa." Nilisikia sauti yangu ikipanda juu ya sauti ya mwali, nikashindwa kuishusha. "Halikusema hurudisha lote."

Bibi alinitazama. Nilijua anaona nini. Alikuwa anaona karamu yake, mchele alioukusanya kibaba kwa kibaba, ngoma kutoka vijiji vyote mpaka Mkuza, mjukuu anayetolewa kama alivyotolewa yeye, watu wakisema mwaka mzima. Hicho ndicho alichokuwa nacho cha kunipa. Na mwanamke yule alikuwa ameingia kwenye moshi akaniletea nguo aliyojiwekea mwenyewe.

"Basi useme," nyakanga akasema. "Hakuna mwingine anayejua. Ulipokuwa unavuka, ulihisi joto la jua, au hukuhisi?"

Neno moja lingetosha kumfurahisha bibi. Hakuna mtu duniani angeweza kulipinga. Hata gazeti lilikuwa majivu. Nilimpenda bibi kuliko shule. Nilitaka shule kuliko kupendwa. Vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja, na vilinivuta pande mbili mpaka nikahisi nitapasuka kama ganda la msufi.

"Nilihisi," nikasema.

"Wapi?"

"Mabegani na utosini. Pale nguo ilipogusa ngozi. Ilipokuwa imeachana na mwili, kifuani na mgongoni, sikuhisi. Mabegani nilihisi."

Nyakanga aliinuka kwa shida, akaja, akaniwekea viganja vyake vikavu juu ya mabega, juu ya ile bafta, akavituliza hapo kama anayesikiliza mlango. Sijui alitafuta nini. Jua lilikuwa limekwisha kuzama.

"Mtu hatungi jambo kama hilo," akasema hatimaye. "Mwongo angesema mwili mzima. Limemgusa. Pigeni ngoma Ijumaa."

Bibi alinyoosha mkono, akaanza kuikunjua bafta kutoka kwangu, taratibu, akaikunja upya juu ya magoti yake. Ilikuwa inanuka moshi, na pindo moja lilikuwa na masizi. Alilisugua kwa kidole gumba, masizi yakazidi kutandaa.

"Nitakufulia, Bibi," nikasema.

"Utaifua lini? Wewe unakwenda shule."

Nilitolewa Ijumaa ile. Ngoma ilikuwa moja, na mpigaji aliazimwa. Tulikula mhogo kwa nazi na zile ng'onda za baba. Majirani walisema waliyosema, na shangazi, maneno yakiwa yamemrudia, aliwajibu kila mmoja kwa zamu. Bibi alikaa mlangoni na wageni, akapokea pole na hongera kwa uso ule ule. Nilipopita mbele yake nimepakwa mafuta, macho chini, niliona miguu yake tu. Haikucheza. Lakini wimbo wa kumtoa mwali ulipofika mahali ambapo bibi wa mwali ndiye anayepaswa kupaza sauti, wanawake wote wakanyamaza kumngoja, na sauti yake ikaja. Ilikuwa ndogo, imekwaruzwa na moshi, lakini aliufuata wimbo mpaka mwisho.

Baada ya siku chache shangazi alinisindikiza Soga kupanda treni, yeye mbele amejitwika sanduku langu, mimi nyuma. Bibi alibaki akisimamia wanaume waliokuwa wakiezeka upya. Alitaka makuti yapangwe mazito, na kila kuti alilikagua kwa mkono. Aliponiaga alinipa kiganja chake nikakibusu, akauliza jambo moja tu: wale watu wa mji wa Wajapani, wenye maua ngozini, waliwahi kuambiwa chochote kabla? Nikamwambia gazeti halikusema. Akatikisa kichwa akarudi kwa wanaume wake.

Njia ilikuwa nyeupe kwa jua. Mashamba yaliyochomwa yalikuwa meusi pande zote mbili, na hewa juu yake ilicheza. Kabla hatujafika mbali nilikuwa nimempita shangazi.

"We mtoto! Unakimbilia nini? Treni haina miguu ya kukukimbia!" akapiga kelele nyuma yangu. "Pita huku kwenye miti, utababuka! Ngozi yako ya ndani hiyo!"

Shingo ilikuwa imekwisha anza kuwaka, na mabega yote mawili. Nilimsikia vizuri. Nikaendelea kupita katikati ya njia.